Asali yao, anuani ya mtu mwingine: Ya kujua kabla ya kuchagua jina la tovuti

Siku chache baada ya maonyesho ya Nanenane ya mwaka 2022, mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wafugaji nyuki mkoani Tabora alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ile tovuti yetu umeifungua siku hizi?"

Sikuwa nimeifungua. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amechukua chupa ya asali kwenye banda lao, akaenda nayo nyumbani, na alipotaka kuagiza ndoo za lita 20 aliandika kwenye simu yake anuani iliyochapwa kwenye lebo. Badala ya picha za mizinga alikuta meza za kamari na matangazo ya kubashiri mpira. Akampigia mzee na kumuuliza kama wanauza asali au wanachezesha watu kamari.

Chanzo chake ni cha kawaida kabisa, na ndiyo maana naandika makala haya. Mwaka 2019 kikundi kilimpa kazi kijana fundi wa kompyuta. Akatengeneza tovuti nzuri. Jina la tovuti alilisajili kwa barua pepe yake mwenyewe na kulilipia kwa kadi yake. Kisha akapata kazi mkoa mwingine, akabadilisha barua pepe, na taarifa za kukumbusha malipo ya mwaka zikawa zinaingia kwenye sanduku lisilosomwa na mtu. Jina likaisha muda wake, likafutwa, likarudi sokoni, likachukuliwa na mtu asiyejua hata nyuki anafananaje.

Kwa nini mtu wa kamari ahangaike na jina la kikundi cha asali? Kwa sababu jina lile lilikuwa na wadhamini. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoeleza mwaka 1998 njia ya kupima umuhimu wa kurasa za mtandao, kila tovuti inayoweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwako huhesabiwa kama mtu aliyekudhamini. Kikundi kile kilikuwa kimetajwa na kuwekewa viungo na tovuti kadhaa zenye heshima. Aliyelinyakua jina alitaka kuingia kwa wadhamini hao, kama tapeli anayevaa fulana ya chama cha ushirika ili apewe mkopo. Mchezo huo umeenea kiasi kwamba mwezi Machi 2024 kampuni ya Google iliutaja waziwazi katika kanuni zake dhidi ya hila, ikasema itazishusha tovuti zinazofufua majina yaliyokufa ili kupenyeza takataka. Kwa wenzetu wa Tabora kanuni hiyo ilikuja wakati lebo zimeshachapwa na kugawiwa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi wa kompyuta. Nimeyajua mambo haya kwa kusaidia vikundi na wafanyabiashara wadogo kuandika mipango yao ya masoko. Karibu kila kikao cha namna hiyo huwa na swali moja: "Tuchague jina gani ili mtu akitafuta kwenye Google tutokee juu?" Kwa miaka kadhaa nami nililiona hilo kuwa ndilo swali kubwa. Nilikosea, na kosa langu liliwagharimu watu wengine.

Jina refu halipandishi

Baada ya jina la kwanza kupotea ilibidi kuchagua jingine, na aliyetoa ushauri ni mimi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba maneno anayoyatafuta mnunuzi yakiwemo ndani ya jina, tovuti hupanda. Nikapendekeza jina lenye neno asali, neno asilia, neno Tabora na neno Tanzania, yote yameunganishwa kwa vistari. Lilikuwa refu kama treni ya mizigo ya reli ya kati, nami nilijiona mjanja.

Dhana hiyo ina historia yake. Zamani lilikuwa jambo la kweli kwa kiasi fulani. Watu walikuwa wakinunua majina yanayofanana moja kwa moja na maneno yanayotafutwa, kama watu wanavyowahi viwanja vya kando ya barabara kuu, na tovuti dhaifu zilipanda kwa sababu ya jina tu. Septemba 2012 Google ilitangaza mabadiliko ya kupunguza nguvu ya tovuti duni zinazobebwa na majina ya aina hiyo. Leo mwongozo wa Google yenyewe kwa wenye tovuti unasema kwamba maneno yaliyomo katika jina, au katika anuani ya ukurasa, peke yake hayana athari ya maana katika upangaji wa matokeo. Bado wapo mafundi wanaouza dawa hiyo iliyokwisha muda, na wanunuzi bado wapo.

Hasara tuliiona redioni. Kikundi kilipata dakika chache katika kipindi cha wakulima. Mtangazaji alipofika kwenye anuani alianza vizuri, "asali, kistari, asilia, kistari..." akakwama, akarudia, akaruka kistari kimoja. Sidhani kama kuna msikilizaji hata mmoja aliyefika. Mnunuzi anayetafuta kwenye Google angeweza kutupata kwa njia nyingine, lakini yule aliyetusikia redioni, au aliyeliona jina ubavuni mwa pikipiki ya kusambazia, tulimfungia mlango wenyewe.

Kwa hiyo jina la tovuti ni la binadamu kabla halijawa la mtambo. Tangu Januari 2025 ukitafuta Google kwa simu, juu ya kila tokeo huonyeshwa jina la tovuti tu, bila ile njia ndefu ya kurasa iliyokuwa ikifuata zamani. Wateja wetu wengi wako kwenye simu. Mtu anaona majina matano au sita yamepangana, anachagua la kugusa. Jina fupi linaloeleweka hugusika, na jina lenye vistari vinne hufanana na la wale wanaotuma ujumbe wa "tuma kwa namba hii".

Kipimo changu siku hizi ni cha bei rahisi. Mpigie simu shangazi yako, mtajie jina mara moja, mwambie aliandike, kisha akusomee herufi kwa herufi. Hapo utagundua mambo ambayo kompyuta haikwambii. Kuna maeneo ambayo herufi L na R hubadilishana, na jina lenye neno kama "bora" likafika "bola". Kuna ritifaa: majina ya tovuti ya kawaida hupokea herufi, tarakimu na kistari tu, kwa hiyo mfugaji anayetaka neno ng'ombe atalazimika kuandika "ngombe", na wateja wake watajiuliza kama ile alama iwekwe au isiwekwe. Na kuna tarakimu, ambazo mmoja ataandika 2 na mwingine "mbili". Sheria za mtandao zinaruhusu herufi hadi 63 katika sehemu moja ya jina. Ni ruhusa tu, wala hulazimiki kuzimaliza.

Co.tz, .com au .coop?

Baada ya jina huja mwishilio, na hapa watu hubishana kuliko inavyostahili. Mwishilio wa .co.tz huiambia mitambo ya kutafutia, na humwambia mnunuzi, kwamba biashara ipo Tanzania. Anayeuza vifaranga Morogoro na hana mpango wa kuvuka mpaka, huo ndio wake. Google yenyewe husema mwishilio wa nchi ni ishara ndogo katika upangaji, lakini kwa mteja wa hapa nyumbani ni alama ya kumjua mtu wa kwao. Anayelenga wanunuzi wa Ujerumani au Oman anaweza kuchukua .com. Wengi wenye uwezo huchukua yote mawili, moja wakalitumia na jingine wakaliacha limwelekeze mteja kwenye lile la kwanza, ili jirani mjanja asije akalichukua. Vyama vya ushirika vina mwishilio wao wa .coop, uliofunguliwa mwaka 2002 na ambao hautolewi kwa asiye mshirika. Ninashangaa kwamba AMCOS zetu haziutumii zaidi, maana mnunuzi wa kahawa wa Ulaya anayetafuta bidhaa za wakulima wadogo huuelewa mara moja. Mwaka 2017 ulifunguliwa pia .africa.

Kimbia majina ya bure. Kwa miaka mingi majina ya .tk, .ml na .ga yaligawiwa bila malipo na vijana wengi wa hapa walijifunzia kazi kwa majina hayo. Mwaka 2023 ugawaji huo ulisimama, na Gabon ilipouchukua tena mwishilio wake wa .ga, mamilioni ya majina yalifutwa. Ada ya mwaka ya jina la .co.tz au .com kwa kawaida haifikii bei ya mfuko mmoja wa DAP.

Hati iko kwa nani?

Hili ndilo ningeliweka mbele ya yote kama ningerudi mwaka 2019. Wengi hudhani kwamba wakishasajili jina la biashara BRELA, jina la tovuti limekuwa lao. Ni daftari mbili tofauti. BRELA inaweza kukupa jina la biashara leo, na jina lilelile la tovuti likawa lilishachukuliwa miaka kumi iliyopita na mtu wa Nairobi au wa Texas. Kabla ya kuchapa lebo, kabla hata ya kulipia BRELA, angalia kama jina la tovuti lipo wazi.

Kisha lisajiliwe kwa jina la kikundi au kampuni, kwa barua pepe ya ofisi inayofunguliwa na watu wasiopungua wawili, na nywila iandikwe na kufungiwa pamoja na mhuri na kitabu cha hundi. Fundi aingie kama fundi. Huwezi kumkabidhi hati ya shamba dereva wa trekta kwa sababu tu ndiye anayejua kulima. Jina la .com unaweza kulilipia hadi miaka 10 kwa mara moja, na kwa kikundi ambacho viongozi wake hubadilika kila uchaguzi, kulipia miaka mitano ya mbele ni busara ya kawaida. Likikuponyoka na kufutwa, majina ya .com huwa na siku 30 za kukombolewa, tena kwa ada ya adhabu. Baada ya hapo ni la anayewahi. Wenzetu walijua habari hii miezi mingi baada ya siku hizo kwisha.

Anuani za kurasa: mpunga, mchele au wali?

Hadi hapa nimezungumzia jina. Nyuma ya jina, baada ya ule mkwaju, kuna anuani ya kila ukurasa, na hapa ndipo kuna kazi ya kufikiri, hasa kwa sisi tunaouza kwa Kiswahili.

Chukua mpunga. Mkulima wa Mbarali anayetafuta mbegu huandika "mbegu za mpunga". Mama mwenye duka la nafaka huandika "bei ya mchele". Anayetafuta namna ya kupika huandika "wali". Mmea mmoja, watu watatu, na ni mmoja tu kati yao anayeleta fedha kwa muuza mbegu. Ukurasa unaouza mbegu uitwe mbegu-za-mpunga, na neno hilohilo liwe kichwa cha ukurasa na liwe ndani ya maelezo. Anuani peke yake haitafanya muujiza, nimeshasema. Lakini anayelazimika kuipa kila bidhaa anuani yenye maneno ya mteja hulazimika pia kujiuliza mteja ni nani, na nimeona vikundi vikigundua kwa zoezi hilo kwamba ukurasa wao wa kwanza ulikuwa ukiongea na mfadhili, si mnunuzi.

Tenganisha maneno kwa kistari cha kawaida. Google hushauri hivyo badala ya kile kistari cha chini, kwa kuwa husaidia kutambua wapi neno linaishia. Andika nyuki-wadogo, si nyuki_wadogo wala nyukiwadogo. Tumia herufi ndogo tu, maana baada ya mkwaju herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti: ukurasa wa /Asali na ukurasa wa /asali vinaweza kuchukuliwa kuwa kurasa mbili. Na kama fundi wako anatumia WordPress, mwombe akuonyeshe sehemu ya kupanga anuani za kudumu, ili ukurasa usije ukaitwa ?p=127. Namba hiyo haimwambii kitu mteja aliyetumiwa kiungo kwenye WhatsApp.

Jambo la msimu ndilo lililonivutia zaidi kama mchumi. Wauzaji wengi wa mazao hufungua ukurasa mpya wa bei kila mwaka: bei-ya-alizeti-2023, kisha 2024, na kuendelea. Kila msimu wanaanza upya kutafuta wadhamini, na ukurasa wa zamani uliokwisha kuzoeleka unabaki na bei iliyokufa, ukimdanganya mnunuzi. Weka ukurasa mmoja uitwao bei-ya-alizeti, kisha badilisha yaliyomo ndani yake. Mwaka uandikwe kwenye maandishi, usiandikwe kwenye anuani. Mkahawa huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa vizuri, na sijawahi kumwona mkulima anayeung'oa kila mwaka ili apande mwingine palepale.

Kwa anayeuza ndani na nje, kila lugha iwe na anuani yake. Asali ya nyuki wadogo inaweza kuwa /sw/asali-ya-nyuki-wadogo kwa mnunuzi wa Kariakoo na /en/stingless-bee-honey kwa yule wa Hamburg. Tovuti nyingi huwa na anuani moja inayobadilika lugha mteja akibonyeza bendera. Google hupendelea anuani tofauti, kwani mtambo wake haubonyezi bendera, kwa hiyo huenda lugha moja isionekane kabisa. Na tafsiri isiwe ya neno kwa neno. Ukiandika "small bee honey", mnunuzi wa nje hajui unazungumzia nini.

Ukilazimika kuhama

Baada ya aibu ya redioni kikundi kilihamia jina la tatu, fupi, la .co.tz. Safari hii jina la pili lilikuwa bado mikononi mwetu, na hilo lilitusaidia. Kuna agizo ambalo fundi huliweka kwenye seva, linajulikana kwa namba 301, linalosema: ukurasa huu umehama moja kwa moja, nenda kule. Mteja hafahamu hata kwamba amehamishwa, na mitambo ya kutafutia huhamisha pamoja naye sehemu kubwa ya heshima ambayo ukurasa wa zamani ulikuwa nayo. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwa mwenzake mpya, wa asali kwa wa asali, wa nta kwa wa nta. Mafundi wavivu huelekeza kurasa zote kwenye ukurasa wa mbele, na mteja aliyetaka nta anaishia kusoma historia ya kikundi. Jina la zamani endelea kulilipia. Google hushauri maelekezo hayo yabaki kwa angalau mwaka mmoja. Mimi nasema yabaki kwa muda wote ambao lebo za zamani bado zinaweza kuwa jikoni kwa mtu.

Kwa jina la kwanza, lile lililochukuliwa, hatukuwa na cha kuelekeza. Mwenyekiti aliwaandikia wale wadhamini wa zamani, mmoja mmoja, akiwaomba wabadilishe kiungo. Baadhi walibadilisha.

Nikiri pia kwamba si kila mtu anahitaji tovuti. Mwenye mizinga kumi anayeuza kwa majirani na jamaa wa WhatsApp, fedha yake iende kwenye chupa safi na mizinga. Anaweza pia kujiandikisha bure kwenye ramani ya Google ili anayetafuta asali karibu naye amwone. Lakini ajue kwamba hapo ni mpangaji. Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure pamoja na maelezo yao kwenye ramani, na mwezi Machi 2024 ilizifunga. Waliokuwa wamechapa anuani hizo kwenye kadi na mabango walipewa miezi michache tu ya kuelekezwa kwingine, kisha basi.

Kikundi cha Tabora sasa kina barua pepe inayofunguliwa na katibu na mweka hazina, na jina limelipiwa kwa miaka kadhaa mbele. Lebo za zamani zilizokuwa stoo hazikutupwa, kwa sababu karatasi ya lebo ni ghali. Kina mama wa kikundi walikaa siku mbili wakibandika kijikaratasi chenye anuani mpya juu ya ile ya zamani, chupa kwa chupa. Juzi nililifungua tena jina la kwanza kwa udadisi. Bado wanachezesha kamari.